Jerikeni Zisimame, Watoto Wacheze

Nikimkumbuka yule mama wa pampu, kinachokuja kwanza si sura yake. Ni masikio yangu kuwaka moto. Hapa mtaani Hai Mauna hakuna mtu mzima ambaye hakuwahi kuaibishwa naye, ila mimi nilikuwa mteja wa kila siku. Wengine aibu waliionja kwa kijiko, mimi niliinywa kwa sufuria.

Watoto walimwita Haboba, yaani bibi kwa Kiarabu cha hapa Juba, na sisi wakubwa tukafuata, mpaka wazee waliomzidi umri. Jina lake la kanisani silijui. Sikuwahi kuuliza, na hata hilo sasa naona aibu kulisema. Kazi yake ilikuwa kulinda pampu ya maji, ile ya kusukuma kwa mkono, iliyoko kwenye kiwanja nyuma ya kibanda changu. Mimi ni fundi wa pancha. Sikusoma, shule niliiona nikiwa juu ya lori, nikipita. Kiswahili changu nilikiokota hukohuko barabarani, Nimule mpaka Eldoret, kipande hapa kipande pale, kwa hiyo kikikukwaruza wewe nivumilie tu.

Alikuwa mfupi, mwembamba, kama mwiko ambao umesonga ugali wa harusi nyingi. Lakini sauti! Akikohoa hapa Mauna, mbuzi wa Atlabara, mtaa mwingine kabisa, wanasimama wima. Akiita mtoto asubuhi, kuna mwingine wa jina hilohilo kule Nimule mpakani anaitika, "Naam!" na kuanza kutafuta viatu. Nilimwambia siku moja kwamba serikali ingemkodi awe redio. Akaniambia, "Na wewe wangekukodi uwe uongo." Watu wakacheka mpaka pampu ikakosa wa kuisukuma.

Sasa, ili umjue huyu mama lazima kwanza uijue foleni yetu. Kwenye pampu yetu mtu hasimami. Jerikeni ndiyo inasimama. Unaweka yako nyuma ya ile ya mwisho, unaenda zako kutafuta kivuli, na foleni ikisogea, yeyote aliye karibu anaisogeza na yako. Hakuna anayekosea. Mjini hapa unaweza kuibiwa pikipiki ukiwa umeikalia, lakini nafasi ya jerikeni haiibiwi. Haboba aliikuta desturi hiyo, hakuitoa. Aliitia pilipili yake.

Alisema hivi: jerikeni itamshikia nafasi mtoto anayecheza. Mtoto anayeangalia simu asimame mwenyewe, juani, kando ya jerikeni yake, mpaka zamu ifike. Na ukijificha kwenye kivuli na simu, Haboba anaichukua jerikeni yako kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, anaipeleka mwisho wa foleni.

"Wewe iko na simu?" anauliza. Hivyo ndivyo alivyoongea, Kiswahili cha kambi za Uganda, "mimi iko, wewe iko", hakina kona. "Simu ni ya kukaa. Wewe unakaa, basi na jerikeni yako ikae. Haiendi pahali."

Unaweza kudhani watoto walimchukia. Wapi! Watoto walikuja na jerikeni hata siku ambazo nyumbani maji yamejaa. Kuna kijana mmoja alikuwa anamwaga maji njiani ili arudi. Wenye kuteseka tulikuwa sisi wazazi, kwa sababu siku hizi simu zimezaana kuliko panya wa sokoni, na ni sisi tulizowapa.

Kuna bwana mmoja alikuja na suti. Suti nzima, na koti, mwezi wa tatu, wakati jua la Juba linafanya kuku atage yai ambalo limeshachemka. Alikuwa amevimba.

"Nani ametoa jerikeni ya kijana wangu kwenye foleni?"

"Ni mimi," Haboba akasema. "Kijana iko na simu."

"Simu ni yangu. Nimempa mimi mwenyewe."

"Ah. Basi simama wewe."

Yule bwana akacheka, akatuangalia sisi, akitaka tumsaidie kucheka. Hapohapo simu ikalia mfukoni mwake. Akaitoa. Haboba hakupiga kelele hata, alinyoosha tu kidole kuelekea mwisho wa foleni. Nakuambia wanawake wote waliangalia chini kama wamepoteza sindano. Na yule bwana, sijui nini kilimwingia, akaenda akasimama. Suti ilipoanza foleni ilikuwa nyeusi, ilipofika kwenye pampu ilikuwa kijivu. Na mimi? Mimi nilikuwa kibandani na simu yangu mkononi, naangalia mtu anaanguka kwenye tope, nimeiangalia hiyo video tangu asubuhi. Niliificha haraka ndani ya tairi la baiskeli, karibu niizibe humo na gundi.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na makosa yake, na ninayasema nikiwa na furaha maana yananipunguzia mzigo. Kwenye mchezo alikuwa mwizi. Walikuwa wanacheza kati, ule mchezo ambao wawili wanarusha mpira na mmoja katikati anakwepa. Mpira ni wa soksi, umefungwa na mpira wa tyubu niliyokata mimi. Haboba akirusha angeweza kumpiga nzi mgongoni bila kumgusa bawa. Lakini akiwekwa yeye katikati na mpira ukimgusa, anakataa. "Haukunigusa. Ni upepo." Mpira umemwacha na doa la tope kifuani, bado anasema upepo. Watoto wanaruka wanapiga kelele, "Haboba mwongo! Haboba mwongo!" na yeye anawatukana kwa Kikuku, lugha ya kwao Kajo-Keji, halafu mtoto mmoja akirudia tusi hilohilo anamshika sikio: "Maneno mbaya hiyo ulijifunza wapi?"

Na chura. Mama ambaye hakuogopa mwenye suti, chura mmoja akitoka chini ya pampu, Haboba yuko juu ya zege, gauni mkononi, anaita Bwana Yesu.

Kwangu alikuja kuomba matairi yaliyokufa. "Fundi, nipe mguu wa gari." Nampa, na baada ya dakika mbili watoto wanaliviringisha wanakimbia nalo mpaka kwenye njia ya lami wanarudi, vumbi linapanda mpaka ndege ya kutua uwanjani inazunguka kwanza. Nilikuwa namtania: "Haboba, unaharibu watoto. Nguo zimekuwa nyekundu." Akasema, "Mtoto ni kama blanketi. Usipomtoa juani ananuka ndani ya nyumba." Wanawake wakacheka. Nilicheka na mimi, kubwa kubwa, na wakati nacheka nilijua mimi ndiye mwenye blanketi ndani.

Blanketi langu linaitwa Poni. Wakati huo alikuwa na miaka tisa. Mama yake anapika kwenye hoteli ndogo kule Hai Cinema, anatoka jogoo akiwa bado anaota. Mimi nabaki na mtoto na matairi. Nilimpa simu yangu ya zamani, ile ya kioo kilichopasuka, ili nifanye kazi. Basi, sina hadithi ndefu hapo. Alikaa nyuma yangu juu ya tairi la lori, kimya, mpaka wateja wakanisifu: "Fundi, mtoto wako ana adabu!" Nami nikavimba kama tyubu. Kumbe kile kilikuwa si adabu, ni kutokuwepo. Mtoto niliyekuwa naye pale ni utosi tu. Ungeniuliza Poni ana sura gani ningekuambia nywele zimesukwa mistari, na mstari wa katikati umepinda kidogo kwenda kulia. Ndiyo sura niliyoijua.

Kwenye foleni Poni ndiye pekee aliyekubali adhabu. Wengine waliweka simu chini wakaenda kucheza. Yeye alisimama juani kando ya jerikeni, kichwa chini, jasho linadondoka juu ya kioo, anakipangusa, anaendelea. Haboba alimwangalia siku nyingi bila kusema. Halafu asubuhi moja akaja mpaka kwenye kibanda, na wanawake wengine watatu wamesimama pale wanangoja maji.

"Fundi. Jino ya mbele ya mtoto wako ilitoka lini?"

"Jino gani?"

Nilisema hivyo, mbele ya watu. Jino gani. Wanawake wakaanza kucheka, halafu mmoja mmoja wakaacha, na kule kuacha ndiko kuliniua. Nikatafuta utani haraka, maana mimi bila utani ni kama kobe bila gamba. Nikasema, "Haboba, meno ya mtoto ni mengi, nani atayahesabu yote?"

Hakuna aliyecheka. Hata tairi nililokuwa najaza lilitoa pumzi, pssss, kama linanihurumia.

"Ilishatoka," Haboba akasema, polepole, kwa ile sauti ambayo hatukujua anayo. "Na ingine imeshaanza kuja. Wewe uko hapo mbele yake kila siku."

Nilienda nikamnyang'anya Poni simu. Ndiyo akili niliyokuwa nayo. Poni alilia mpaka Nile ikapanda kwenye kingo, akapiga mateke spana zangu zote. Nikawa nimesimama na simu mkononi, nimeshinda vita, sijui nimeshinda nini. Haboba alikuwa bado pale.

"Umemnyang'anya simu. Umempa nini?"

"Nimempa nje. Nje yote hii! Aende acheze."

"Nje haimjui. Nani atamrushia mpira?"

"Si watoto wako hao wapo?"

"Yeye hawajui. Anakujua wewe." Akanitupia ule mpira wa soksi, ukanipiga kwenye paji la uso kabla sijainua mkono. "Yala, baba. Ingia."

Sasa nikuelezee mwili wangu, ndipo utaelewa. Tumbo langu linafika mahali, linasalimia watu, linakaribishwa kiti, ndipo mimi nafika. Na niingie katikati ya kiwanja, mchana, mbele ya wateja wangu, mbele ya madereva ambao ninawaambia kwamba niliwahi kuinua lori kwa bega! Niliingia. Miguu yangu ilikuwa mizito kama nimefungwa pampu yenyewe. Haboba upande mmoja, kijana mmoja upande wa pili, mimi katikati kama ng'ombe wa kuchinja. Walinipiga. Walinipiga mgongoni, matakoni, kwenye kisogo. Dereva mmoja alisimamisha gari ili aone vizuri. Suruali ikapasuka, na nilikuwa nimevaa ile ya ndani yenye picha ya maua, ya mama Poni, kwa sababu zangu zilikuwa zimelowa. Basi, umeshajua na hiyo.

Ni hapo niliposikia kicheko. Niligeuka. Poni alikuwa amesimama, uso juu, machozi hayajakauka, anacheka mdomo wazi, na pale mbele kwenye ufizi nikaliona jino jipya, limetokeza nusu, lina meno madogomadogo kama msumeno. Mpira uliviringika mpaka kwenye miguu yake. Akauokota. Akanilenga baba yake vizuri kabisa, bila huruma.

Sitakudanganya kwamba toka siku hiyo simu ilitupwa mtoni. Mimi naongeza chumvi lakini si sumu. Jioni bado anaiulizia, na mara nyingine nampa, na mara nyingine mimi mwenyewe ndiye nimeishika na yeye ananiambia, "Baba, nyuma ya foleni." Lakini asubuhi jerikeni yake inasimama peke yake, na yeye yuko huko kwenye vumbi. Uso wake naujua sasa. Ana kovu dogo chini ya kidevu, alilipata kwenye tairi. Nililiona siku ileile alipoumia.

Kuna kitu kimoja cha Haboba ambacho hatukukielewa. Kila Jumamosi asubuhi, jua likishapanda, wakati watoto wamejaa kuliko siku zote, alikuwa anamwachia pampu msichana mkubwa mmoja na kuingia kwenye chumba chake cha mabati pale pembeni. "Napumzisha mgongo," anasema, na mlango unafungwa. Sisi tulikuwa na maneno. Mimi nilisema anakula nyama peke yake. Nikaongeza kwamba ni mbuzi mzima, na pembe anazitupa usiku. Nilikuwa nasema hivyo kila Jumamosi na watu wanacheka kila Jumamosi.

Jumamosi moja ya kiangazi kilichopita, siku chache kabla hajarudi kwao Kajo-Keji kulima, pampu ilianza kutema hewa. Kuna mpira ndani yake unaoisha, na mimi ndiye huwa naukata kwenye tyubu ya lori. Nikaukata, nikaenda kumwonyesha kama unatosha, na Poni akanifuata. Joto lilikuwa kali, mlango siku hiyo alikuwa ameuacha wazi kidogo. Nikapiga hodi. Nikachungulia.

Haboba alikuwa amekaa kitandani, amekunja miguu kama msichana, na mbele ya uso wake, karibu kabisa, ameshika simu.

"Haboba!" Poni akapiga kelele. "Haboba iko na simu!"

Nimeona watu wakiaibika, maana mimi ni bingwa wa mchezo huo. Lakini sijawahi kuona mtu mzima akinywea namna ile. Alitaka kuificha chini ya shuka, na haikufichika, ilikuwa inaongea. Ilikuwa inatoa mlio wa mchezo, tiu tiu tiu, kutoka mbali. Akatuangalia, akaangalia chini. Halafu akaigeuza tuone.

"Mjukuu," akasema. "Wa binti yangu. Iko Australia. Kule sasa ni jioni."

Kwenye kioo kulikuwa na utosi. Nywele fupi, zimenyolewa pembeni, na mstari mmoja wa wembe. Mtoto alikuwa amekaa mezani ameinamia kioo kingine, kikubwa, anacheza, na Haboba, ndani ya simu ya huko, alikuwa ameegemezwa mbele yake, labda kwenye bakuli.

"Mama yake ananiweka hapo kila Jumamosi halafu anaenda kupika," Haboba akasema. "Mimi namwita. Anasema 'Hai Haboba,' basi. Lugha yangu hajui, lugha yake mimi sijui. Kichwa yake naijua yote. Uso…" Akapangusa kioo. "Nilimwona uso akiwa mtoto wa maziwa."

Nilitafuta utani. Naapa nilitafuta, nilipekua mifuko yote ya kichwa. Yule mbuzi wangu na pembe zake alikuwa amesimama pale chumbani ananiangalia.

Poni aliuliza, "Sasa jerikeni yako?"

Sikumtuma. Mtoto aliuliza tu, kwa sababu sheria aliijua. Nilitaka kumfinya. Lakini Haboba alikuwa ameshashuka kitandani anatafuta ndala zake.

"Iko wapi?"

"Ya tano," Poni akasema. "Nyuma ya ile ya bluu."

Akatoka. Nilimwambia, "Haboba, acha, wewe ni mkubwa, jua hili litakuua." Akaenda mpaka kwenye jerikeni yake, ile ya njano yenye mpini uliofungwa waya, akasimama kando yake, mwembamba kama mwiko, katikati ya jua, na simu mkononi. Watoto wote wakasimama. Mpira wa soksi ulidondoka, hakuna aliyeuokota. Wanawake wakaangalia chini, na mimi nilijua wanatafuta nini, maana kila mmoja alikuwa na simu kwenye kanga, na mimi yangu ilikuwa mfukoni, ya moto kwenye paja.

"Nani amesema msimame?" Haboba akapiga kelele. Mbuzi wa Atlabara walisikia. "Chezeni!"

Wakaanza kucheza, polepole, halafu vizuri. Poni aliingia katikati. Haboba aliinua simu kwa mikono miwili, akaigeuza kioo kiangalie kiwanja, ili yule wa mbali aone vumbi na tairi na watoto wanaokwepa mpira. Akawa ameishika hivyo juu ya kichwa chake, na yeye mwenyewe nyuma yake haoni kitu.

"Fundi," akaniita. "Wewe uko mbele. Niangalizie. Ameinua kichwa?"

Nikasogea. Nikaangalia. Mimi, niliyeinua lori kwa bega, niliyeona samaki wa Nile amevaa saa. Uongo wa kusema pale ulikuwa rahisi kuliko kupiga chafya. Mdomo ulifunguka na haukutoka.

"Bado, Haboba."

Akavuta pumzi. Akasogeza jerikeni yake kwa mguu, nafasi moja mbele, bila kushusha mikono.

"Haya," akasema. "Foleni ni foleni."

Nilienda kibandani nikachukua jerikeni yangu, nikaja nikasimama mwisho wa foleni, nyuma yake, simu yangu mkononi.